Namna ya kuunda injini ya pistoni inayovutwa na sumaku-umeme

Sumaku-umeme huvuta chuma, haiwezi kukisukuma. Anayetaka kubuni mota au injini ya aina hii aanzie hapo, maana karibu kila tatizo litakalomkuta linatoka hapo. Ukipitisha umeme kwenye koili, chuma kinavutwa hadi katikati yake, kisha kinang'ang'aniwa palepale. Ili kitu kizunguke, ni lazima umeme ukatwe kabla chuma hakijafika mwisho, kiachwe kipite kwa kasi kiliyokwisha kupata, halafu umeme urudi kwa wakati wake. Vijana wengi hutumia fedha zao zote kwenye koili na sumaku, swichi wakaifanya dakika ya mwisho kwa kipande cha waya. Nawaomba mgeuze mpango huo.

Mwongozo huu ni wa injini ndogo yenye pistoni moja, inayotumia betri ya volti 12 kama ile ya pikipiki. Nimeichagua kwa sababu kila kitu kiko wazi machoni: unaona mvuto unapoanza, unapokoma, na nguvu inapopotelea. Ukiimudu hii, mota ya kuzunguka haitakutisha.

Vitu vya kutafuta

Nenda kwa fundi anayesuka mota umwombe waya wa shaba wenye vanishi, geji 25, yaani unene wa nusu milimita hivi. Huuzwa kwa uzito. Gramu 100 zitatosha na kubaki. Duka la dawa watakupa sirinji mpya ya mililita 5, isiyo na sindano. Tafuta pia kipande cha chuma laini cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 10, beringi mbili namba 608, fimbo ya chuma ya milimita 8 ya kuwa shafti, puli nzito ya chuma yenye upana wa sentimita 10 hivi, ubao mnene wa kuwa msingi, kipande cha bomba la shaba la friji, vibati vya shaba nyeupe kutoka soketi iliyoungua, diodi moja ya 1N5408 (hupitisha umeme upande mmoja tu), fyuzi ya ampea 5 na kishikio chake, balbu ya indiketa ya gari ya wati 21, na mita ya kupimia umeme. Mizani ya jikoni ya dijitali azima tu kwa mtu.

Umeme wa ukutani usiuguse kabisa katika kazi hii.

Hatua ya 1: Pistoni

Kabla ya kununua chuma, kijaribu kwa sumaku. Chuma cha pua cha aina nyingi hakivutwi, na kwa macho huwezi kujua. Kata kipande chenye urefu wa milimita 40, kipige msasa mpaka kiteleze ndani ya sirinji bila kukwaruza.

Sasa kilainishe. Kiweke kwenye jiko la mkaa mpaka kiwe chekundu, kisha kifukie kwenye majivu ya moto na ukiache humo usiku kucha. Chuma kilichopoa polepole hakibaki na usumaku mwingi umeme ukikatwa, na hilo ndilo tunalolitaka. Chuma kilichozimwa ghafla kwenye maji huwa kigumu na hung'ang'ania usumaku. Ukiwa na subira, kichane kwa msumeno wa chuma ufa mmoja kwa urefu wake hadi karibu na kati. Ufa huo hupunguza mikondo ya umeme inayozunguka ndani ya chuma chenyewe na kukipasha moto bure.

Hatua ya 2: Koili

Kata ncha ya sirinji ili ibaki bomba lililo wazi pande zote, lenye urefu wa milimita 50. Yangu ina milimita 12 kwa ndani na 14 kwa nje, pima yako. Bandika washa mbili za plastiki au kadibodi ngumu, ukiacha nafasi ya milimita 40 katikati. Hapo ndipo waya utakapokaa.

Suka mizunguko 500. Kila safu inaingiza mizunguko 70 na kitu, kwa hiyo utapata safu saba hivi. Sukia upande mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Ukigeuza njiani, mizunguko itapingana na sumaku itadhoofika. Acha sentimita 15 za waya kila mwisho, na usizikwangue vanishi mpaka umemaliza. William Sturgeon, Mwingereza aliyetengeneza sumaku-umeme ya kwanza mwaka 1825, alitumia waya mtupu, ikabidi apake vanishi chuma chenyewe na kuachanisha mizunguko. Miaka michache baadaye Joseph Henry wa Marekani akaufunika waya wenyewe, akaweza kusuka safu juu ya safu, na nguvu ikapanda sana. Kwa hiyo ile ngozi nyembamba ya vanishi itunze. Ikikwaruzwa mahali pawili panapogusana, una shoti ndani ya koili ambayo huioni.

Ukimaliza, pima kwa mita. Urefu wa waya ni mita 28 hivi, na mita inapaswa kusoma kati ya omu 2 na 3. Ikisoma chini sana ya hapo, kuna shoti.

Niseme neno kuhusu unene wa waya, maana watu hubishana sana juu yake. Ukijaza nafasi ileile kwa waya mwembamba, mizunguko inaongezeka na mkondo unapungua. Ukitumia mnene, mizunguko inapungua na mkondo unaongezeka. Mvuto unaoupata kwa kila wati moja ya joto hubaki karibu uleule. Unene wa waya huchagua volti ya kutumia, basi. Anayekuambia kuna waya wa ajabu unaoongeza nguvu bila kula umeme zaidi, usimpe fedha zako.

Hatua ya 3: Pima mvuto kabla ya kuunda kingine chochote

Hatua hii wengi huiruka, nami naiona kuwa ndiyo inayomtenganisha mbunifu na mbahatishaji.

Jaza mchanga kwenye kopo la plastiki mpaka lifike kilo moja. Simika humo kijiti cha mbao chenye urefu wa sentimita 15, ubandike pistoni kwenye ncha yake ya juu. Weka kopo juu ya mizani. Koili ifunge kwenye stendi ya mbao ili ining'inie juu ya pistoni, uweze kuishusha kidogokidogo. Kijiti kirefu kinaiweka sumaku mbali na mizani isiiharibie usomaji.

Unganisha betri kwa sekunde mbili tu, soma mizani, kata. Pistoni ikivutwa juu, uzito unaosomeka unapungua, na tofauti hiyo ndiyo mvuto. Anza pistoni ikiwa imegusa tu mdomo wa koili, kisha shusha koili milimita 5 kila mara mpaka pistoni izame yote. Andika, chora grafu.

Utakachokiona: mvuto ni mdogo mlangoni, unapanda kadiri chuma kinavyoingia, unafika kilele, kisha unaporomoka na kuwa sifuri pale pistoni inapokuwa katikati kabisa ya koili. Urefu wa mwendo wa pistoni uchague kutoka kwenye grafu hiyo: uanzie karibu na kilele, uishie katikati ya koili. Kwa vipimo nilivyotaja, mwendo wa milimita 20 unafaa. Grafu yako ikisema vingine, ifuate.

Kisha fanya jaribio la pili. Ivalishe koili kipande cha bomba la chuma la inchi moja kwa nje, ujaze nafasi inayobaki kwa karatasi, na weka washa ya chuma kila mwisho. Pima upya. Bomba hilo linaupa usumaku njia rahisi ya kurudia badala ya kupita hewani, na utaona mizani inavyoitikia. Linganisha grafu mbili hizo kabla ya kuendelea, maana kilele kinaweza kuwa kimehama.

Hatua ya 4: Kranki, konrodi na flaiwili

Chonga nguzo mbili za mbao, uzitoboe na kuingiza beringi, kisha upitishe shafti. Upande mmoja funga puli nzito. Hiyo ndiyo flaiwili. Koili inavuta nusu mzunguko tu, nusu ya pili ni flaiwili inayoirudisha pistoni nje, kwa hiyo ikiwa nyepesi injini itakuwa inafia njiani. Upande wa pili funga kisahani cha alumini au mbao ngumu chenye pini iliyo milimita 10 kutoka katikati. Mwendo wa pistoni ni mara mbili ya umbali huo, yaani milimita 20.

Konrodi, yaani fimbo inayounganisha pistoni na ile pini, iwe ya alumini au shaba, urefu milimita 60 hadi 70. Ikiwa fupi, itaisukuma pistoni ubavuni na msuguano utakula nguvu zote. Laza koili juu ya ubao, mstari wake wa katikati ukielekea katikati ya shafti kabisa. Zungusha kwa mkono. Pistoni inapozama mwisho, iwe katikati ya koili. Kama sivyo, isogeze koili yenyewe. Usiunganishe umeme mpaka flaiwili ukiisukuma kwa kidole inazunguka mara kadhaa yenyewe.

Hatua ya 5: Swichi

Chonga kijidramu cha mbao au plastiki ngumu chenye kipenyo cha milimita 25, ukitoboe kiingie kwenye shafti, na ukiwekee skurubu ya kukibana ili uweze kukilegeza na kukigeuza. Pasua bomba la shaba la friji, lipige liwe bati. Ukate ukanda mwembamba wa kuzunguka dramu yote, na kwenye ukanda huo uache ulimi wenye upana wa milimita 30 unaotokeza pembeni. Milimita 30 kwenye dramu ya ukubwa huo ni digrii 140 hivi za mzunguko. Ubandike kwa gundi ya epoksi, na sehemu iliyo wazi kando ya ulimi ijaze kwa epoksi pia, ukaisugue kwa msasa hadi iwe sawa na shaba ili brashi isirukeruke.

Vibati vya soketi ndivyo brashi zako. Kimoja kiguse ule ukanda wa kuzunguka wakati wote, cha pili kiguse njia ya ulimi. Umeme utapita pale tu ulimi unapokuwa chini ya brashi ya pili.

Hatua ya 6: Kuunganisha

Kutoka chanya ya betri nenda kwenye fyuzi, kisha balbu ya indiketa, kisha brashi ya kwanza. Kutoka brashi ya pili nenda kwenye koili, na koili irudi hasi ya betri. Diodi iweke sambamba na koili, upande wenye mstari ukielekea kwenye brashi, yaani upande wa chanya. Ukiigeuza, balbu itawaka sana na koili haitavuta; na kama balbu haipo, fyuzi itakatika au diodi itaungua.

Diodi ni ya lazima. Mkondo wa koili haupendi kukatwa ghafla; ukiukata, volti inaruka juu sana na cheche inakula shaba ya swichi. Ukiwa umeshika ncha zote mbili za koili wakati huo, utapigwa shoti hata kama betri ni ya volti 12.

Balbu nayo ni mlinzi wa siku za mwanzo. Bila balbu, koili ya omu 2.5 kwenye volti 12 inavuta karibu ampea 5, karibu wati 60 zinazogeuka joto. Shaba iliyomo ni gramu 50 tu. Injini ikikwama swichi ikiwa imefunga, koili inapanda kiasi cha nyuzi tatu kila sekunde, na kwa dakika moja sirinji imelegea. Mimi nimewahi kuipoteza koili nzima hivyo, nikiwa nimegeuka kutafuta bisibisi. Balbu ikiwepo, mkwamo wa namna hiyo unaiwasha balbu tu, na koili inapata wati 5 hivi. Tena balbu inakuonyesha swichi inapofunga na kufungua.

Usifanye kazi karibu na betri ya asidi inayochajiwa. Inatoa hewa ya haidrojeni, na hapa kuna cheche.

Hatua ya 7: Kuseti taimingi

Hapa usiwe na haraka. Chora duara la digrii kwenye karatasi, ulibandike kwenye flaiwili, na simamisha mshale pembeni. Sifuri iwe pale pistoni ilipotoka nje kabisa. 180 ni pale ilipozama kabisa.

Weka mita kwenye mlio, ncha moja kila brashi, betri ikiwa imetolewa. Zungusha kwa mkono polepole. Kwa kuanzia, mlio uanze digrii 10 na ukome digrii 150. Legeza skurubu ya dramu, geuza, bana, sikiliza tena mpaka ikubali.

Kwa nini 10? Kabla ya sifuri pistoni bado inatoka nje. Ukiivuta wakati huo unafunga breki. Na kwa nini 150, wakati mvuto unaishia 180? Kwa sababu mkondo haufi papo hapo. Baada ya swichi kufungua, unaendelea kuzunguka kupitia ile diodi kwa milisekunde chache, na chuma kinaendelea kuvutwa. Ukichelewa kukata, pistoni inakuta koili bado ni sumaku wakati inajaribu kutoka, nayo inazuiwa. Kadiri injini inavyokwenda kasi, milisekunde hizohizo zinakuwa digrii nyingi zaidi. Ndiyo maana injini nyingi za nyumbani hufika mwendo fulani na kugoma kupita hapo, mwenyewe akadhani anahitaji betri kubwa zaidi.

Unganisha betri, isukume flaiwili kuelekea upande wa taimingi. Isipoendelea hata baada ya kuisukuma mara kadhaa, hakikisha hakuna msuguano, kisha toa balbu, uunganishe nyaya zake mbili, na ujaribu bila yake kwa sekunde 20, upumzike, uguse koili kwa mkono.

Ikishazunguka, rekodi video ya mwendo wa polepole kwa simu, uhesabu mizunguko ndani ya sekunde 10. Halafu sogeza dramu digrii 10 mbele, hesabu. Kumi nyuma, hesabu. Andika yote kwenye daftari, yenye tarehe. Ukitaka mkondo ufe haraka zaidi, weka rezista ya omu 4.7, wati 5, kwa mfuatano na diodi. Mkondo utakwisha mapema na utaweza kukata karibu zaidi na 180. Jaribu, pima, linganisha.

Baadaye, brashi zikianza kuchoka, tumia transista ya IRFZ44N (miguu yake mitatu huitwa geti, drein na sosi) ibebe mkondo mkubwa, na swichi yako iiamrishe tu. Koili ikae kati ya chanya na drein, diodi ikibaki sambamba nayo. Sosi iende hasi. Dramu ilete volti 12 kwenye geti kupitia rezista ya omu 100. Na rezista ya kilo-omu 10 iunganishe geti na hasi ili transista izime dramu inapofungua.

Hatua ya 8: Pima kinachoingia na kinachotoka

Weka mita ya ampea kwenye waya wa betri wakati injini inafanya kazi. Zidisha ampea kwa volti, hizo ndizo wati zinazoingia. Kwa kinachotoka, funga uzi kwenye shafti, uning'inize mfuko wa mchanga, uache injini iuvute juu. Mfano: gramu 200 zikipanda mita moja kwa sekunde 4, hiyo ni nusu ya wati. Kama betri inatoa volti 12 na ampea 1.5, zinaingia wati 18. Ufanisi ni asilimia 3 hivi.

Usivunjike moyo kwa asilimia 3. Ni namba ya kweli, na sasa unaweza kuipandisha. Ninachokuonya ni ndoto ya injini inayojichaji yenyewe. Utakutana na video nyingi zinazoonyesha mota ikizungusha jenereta, na jenereta ikirudisha umeme kwenye mota, wakiita umeme wa bure. Kila unapobadilisha umeme kuwa mwendo, au mwendo kuwa umeme, sehemu yake inatoka kama joto, na haijapatikana njia ya kuikwepa. James Joule wa Uingereza alianza mahali hapohapo ulipo wewe. Mwishoni mwa miaka ya 1830 aliunda mota za sumaku-umeme akiamini zitashinda mvuke. Alipopima kazi iliyopatikana kwa zinki iliyoliwa ndani ya betri, akakuta makaa ya mawe yenye uzito uleule, kwenye injini nzuri ya mvuke, yanafanya kazi mara kadhaa zaidi, na zinki ni ghali. Aliacha ndoto hiyo, lakini upimaji wenyewe hakuuacha, na kipimo cha nishati leo kinaitwa kwa jina lake.

Ukipata kitu ambacho kweli ni kipya, usikirushe mtandaoni kwanza, maana hataza, yaani haki ya mvumbuzi, hutolewa kwa jambo ambalo halijajulikana hadharani. Tanzania Bara maombi hupelekwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara na leseni), Kenya ni KIPI (taasisi ya mali ya viwanda). Injini ya pistoni ya sumaku-umeme yenyewe si mpya; upya unaweza kuwa kwenye namna ya kukata mkondo, umbo la chuma, au kazi unayoifanyisha.

Hatua ya 9: Kuipeleka mbele

Njia ya kwanza ya kuongeza nguvu ilikwisha kujaribiwa na Charles Grafton Page wa Marekani. Alijua, kama grafu yako inavyoonyesha, kwamba mvuto ni mkubwa sehemu moja tu ya safari. Basi badala ya koili moja ndefu alipanga koili fupi nyingi kwa mstari, akaziwasha moja baada ya nyingine ili pistoni iwe kileleni muda wote. Tarehe 29 Aprili 1851 injini zake za aina hiyo ziliendesha garimoshi kutoka Washington hadi Bladensburg, likafika kilomita 30 kwa saa. Betri zake zilipasuka njiani na vifuniko vya waya vikashindwa, lakini wazo la koili ni zuri mpaka leo. Kwako, gawa koili ya milimita 40 kuwa mbili za 20, na uongeze brashi moja.

Njia ya pili, ambayo ningekushauri uanze nayo, ni koili pacha. Unda koili nyingine iliyo sawa kabisa, uiweke upande wa pili wa shafti ikitazamana na ya kwanza, na konrodi yake iingie kwenye pini ileile. Pistoni moja inapozama, ya pili iko nje. Huhitaji dramu nyingine: ongeza brashi ya tatu kwenye njia ya ulimi, digrii 180 kutoka ile ya pili, na kila koili iwe na diodi yake. Zikiwashwa digrii 140 kila moja, zinabaki digrii 40 tu kila upande ambapo hakuna anayevuta. Injini ikisimama nje ya vipande hivyo viwili, inaanza yenyewe bila kusukumwa, na unaweza kujaribu flaiwili nyepesi zaidi.